Uzito wa Watu Watano

"Mjomba, humu ndani huwa mnakaa watu wangapi?"

Swali lilitoka chini ya gari. Kilichoonekana cha fundi Kok Wai ni miguu miwili na kandambili moja. Ya pili ilikuwa imetorokea nyuma ya jeki. Baharom alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, anaiangalia Wira yake iliyoinuliwa juu, imelegeza magurudumu kama mbuzi aliyebebwa.

"Watano," akasema.

"Watano kila siku?"

"Watano."

Kok Wai alinyoosha mguu kutafuta kandambili. Kamjua Baharom miaka kumi na tisa, na kwenye kiti cha abiria cha gari lile, tangu mke wake Norkiah afariki, hajawahi kuona kitu zaidi ya mwavuli.

Swali lenyewe halikuwa la umbea. Zile shokapu mpya zilizokuwa zimelala sakafuni, nyekundu, bado zina karatasi zake, ni za kurekebisha. Kila moja ina nati kubwa chini ya springi: ukiipandisha, gari linainuka, ukiishusha, linainama. Sasa fundi asiyejua gari linabeba nini atazungusha nati mpaka wapi? Zingekuwa za bei mbaya, zingekuwa na kitufe cha ugumu na cha ulaini. Hizi ni za bei ya huruma. Zina nati tu, na dua.

Na Kok Wai alimkataza. Wiki nzima alimkataza.

"Mjomba, gari la mwaka tisini na sita. Nikuwekee za kawaida, ringgit mia nne na themanini, laini, unasahau. Hizi mia tisa, ngumu kama kitanda cha jela. Mvua mbili tu nati zinashika kutu."

"Za kawaida zinakalia matako watu wakijaa."

"Wakijaa," alisema Kok Wai, na akaliacha neno hapo hapo lilipoangukia.

Alikubali kwa sharti moja: bushi na raba za juu zibadilishwe kwanza. Shokapu mpya juu ya bushi zilizokufa, alisema, ni kumnunulia viatu vya dansi mtu aliyevunjika kiuno.

Asubuhi ile ile, kazini, Mutalib, dereva wa lori, naye alikuwa amesema ya kwake.

Baharom ni mpima. Miaka ishirini na miwili amekaa kwenye kibanda cha vioo langoni mwa kiwanda cha mawese. Lori la machikichi linapanda mizani likiwa limejaa, anaandika. Linarudi tupu, anaandika. Tofauti ndiyo mzigo. Kazi nyepesi, kama si madereva. Madereva wana hila moja ya tangu enzi: unaingia na utingo, unatoka bila utingo. Jamaa akibaki nyuma kuzubaa, kilo zake zinahesabiwa kuwa ni machikichi, na tajiri analipia nyama ya mtu kwa bei ya mafuta.

"Samsuri yuko wapi?" Baharom alimuuliza Mutalib lori lilipopanda mizani likirudi.

"Samsuri gani? Nimekuja peke yangu."

"Talib. Umeingia na Samsuri, umetoka na kofia ya Samsuri."

Mutalib aliitazama kofia juu ya dashibodi, akacheka mpaka akapiga honi kwa kifua. "We Rom, malaika akija kukuhesabia dhambi utamrudisha apime upya." Akampigia mluzi utingo wake, jitu la kilo tisini, likaja likijikokota kwa njaa ya saumu. Wakati tarakimu zinatulia, Mutalib akaegemea dirishani. "Ni kweli unaliwekea lile gari shokapu za wahuni?"

"Za kupanda na kushuka."

"Hizo ni za watoto wanaotaka gari lilambe lami. Miaka sitini na moja, unataka kulamba lami?"

"Mimi nataka ile ya kupanda."

"Shemeji yangu aliweka. Mwaka haukuisha, zinavuja. Ukipita tuta unajua mtu kala nini. Weka za kawaida, pesa ikibaki nunua sofa."

"Sofa ninayo."

"Anaikalia nani?"

Baharom aligonga mhuri kwenye tiketi, akampa bila kumwangalia usoni. Mutalib akaona kwamba mzaha umepita kimo, akasema taratibu, "Haya, Rom. Futari njema," ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Sababu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili. Suhaila, binti yake wa pekee, anakaa Kuala Lumpur na mumewe Fadzli na watoto wawili. Sikukuu za Idd huenda kwa zamu, kama wafanyavyo watu wote waliooana: mwaka huu kwa wazazi wa mume, mwaka ujao kwa wazazi wa mke. Huja kwa treni, maana barabara kuu siku hizo inageuka kuwa kituo cha kuegesha magari, na Baharom huwapokea stesheni na Wira yake. Sasa zamu ile ya mwisho, walipokuwa wanazunguka nyumba za jamaa kupeana mikono ya Idd, gari lenye watu watano lilikwangua kila tuta. Na kijijini kwao matuta ni kama misikiti, kila mtaa unajenga lake. Kufika nyumba ya tatu, Balqis mdogo alitapika juu ya gauni jipya la Idd, la kijani, la kushonesha. Fadzli akafanya utani kwamba zamu ijayo watakodi lori la ng'ombe. Watu walicheka. Baharom naye alicheka, akaenda kufuta kiti kwa kitambaa cha jikoni, peke yake, mpaka wali ukapoa.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya upande wa pili. Mwaka huu ni yake. Zimebaki siku kumi na moja.

Kok Wai alijitoa chini ya gari, akavaa kandambili aliyoipata, akafuta mikono. Shokapu zilikuwa zimeingia. Akakokota magunia matupu ya mchele na mizani ya mke wake ya kupimia matunda ya durian.

"Basi nipe kilo. Nitajaza mchanga, naweka kila gunia kwenye kiti chake, nazungusha nati gari likiwa na uzito wake. Dereva?"

"Sitini na nne."

"Dereva atakaa mwenyewe. Binti?"

"Sitini."

"Mkwe?"

"Themanini na mbili. Aliwahi kukaa kwenye kiti changu cha plastiki, nikaona kilivyobonyea."

"Watoto?"

Baharom aliyaangalia magunia mawili yaliyobaki. Kwa kuangalia tu jinsi tairi lilivyobonyea angeweza kukwambia lori lina tani ngapi, asikosee zaidi ya kilo mia. Wajukuu hakujua. Mara ya mwisho kumbeba Balqis, alikuwa na umri wa miaka mitatu na alikuwa ananuka matapishi.

"Ngoja nipige simu," akasema.

Kok Wai akarudi chini ya gari kukaza kitu ambacho alikwisha kikaza.

"Baba? Kuna nini?" Suhaila alipokea upesi, sauti ya mtu anayetembea.

"Hakuna kitu. Balqis ana kilo ngapi?"

"Nini?"

"Kilo. Na Hakimi."

"Unataka kuwauza?" Akacheka, naye akacheka, na kwa muda mfupi wakawa nyumba moja. Kisha hatua zake zikasimama. "Baba, nilikuwa nikupigie leo. Kuhusu Idd."

"Eeh."

"Mama yake Fadzli kapasuliwa goti. Ndugu zake wote wanakwenda kwake, Kuantan. Sasa tukawa tunasema, tubadilishane zamu. Halafu mwakani na mwaka ule mwingine tunakuja kwako, mfululizo. Lakini bado hatujakata shauri. Baba ukisema hapana..."

Baharom aliangalia springi nyekundu kupitia uwazi wa tairi. Zilikuwa nzuri kweli.

"Goti si kitu cha mchezo," akasema. "Mwende. Mpe salamu mama mkwe, mwambie asikae chini."

"Una uhakika?"

"Mimi nikimbilie wapi? Nipo."

"Hiyo kelele gani? Uko wapi?"

"Gereji."

"Lile gari bado lipo?"

"Lipo."

Alikata simu. Spana ikawekwa sakafuni. Kisha sauti ya Kok Wai ikatoka chini, ya polepole, kama mtu anayeongea na bomba la moshi: "Mjomba, nati hizi zinageuka siku yoyote. Naweza kuiweka ya mtu mmoja leo, laini kidogo. Siku ukiwa na wageni unakuja, nakupandishia. Nusu saa, bure."

"Weka ya watano."

"Sawa. Watoto kilo ngapi?"

Miaka ishirini na miwili, Baharom hajawahi kuandika uzito ambao hakuuona kwa macho yake. Waliwahi kumletea bahasha, waliwahi kumletea jogoo. Hakuandika.

"Wa kike kumi na saba," akasema. "Wa kiume ishirini na nne."

Kok Wai alijaza mchanga, akapima, akafunga midomo ya magunia kwa kamba. Suhaila akakaa mbele, Fadzli nyuma kushoto, watoto pembeni yake. Wakayafunga mikanda, maana magunia yalikuwa yanaanguka. Gari lilishuka, likapandishwa, likasimama sawa kama sahani. Halafu magunia yakatolewa, na Wira ikainuka taratibu, ikabaki juu, imenyanyua mkia kama kuku aliyeogopeshwa. Kok Wai alikuna kichwa. Alipokea fedha akarudisha hamsini.

"Ya nini?"

"Mchanga haukuisha," alisema, jibu ambalo halikuwa na maana yoyote.

Safari ya kurudi nyumbani ina matuta saba. Gari lilikuwa gumu. Lilimrusha Baharom kwenye tuta la kwanza, likamrusha la pili, na hapakuwa na mtu wa kusema "taratibu, baba" wala wa kucheka. Lakini halikukwangua. Hilo alilisikia vizuri: halikukwangua hata mara moja. Baada ya la tatu simu ililia ujumbe. Akasimama mbele ya genge la wauza futari, harufu ya samaki wa kuchoma ikaingia ndani bila hodi.

Suhaila alikuwa ameandika: *Balqis 19.2. Hakimi 27.6. Nimewapima sasa hivi. Balqis anauliza babu anampimia nini.*

Alisoma mara mbili. Akatoa kidole, akajumlisha hewani. Kumi na saba na ishirini na nne ni arobaini na moja. Kumi na tisa nukta mbili na ishirini na saba nukta sita ni arobaini na sita nukta nane. Alikuwa amewaibia watoto karibu kilo sita.

Muuza samaki akamwita, "Haji, samaki wangapi leo?"

"Narudi," alisema Baharom, akageuza gari katikati ya barabara, pikipiki zikampigia honi.

Kok Wai alikuwa ameshusha lango la bati hadi magotini. Akainama, akaona tairi, akaona madigadi yaliyonyanyuka, akaliinua lango tena.

"Mjomba, bado nusu saa tu ufuturu."

"Kilo sikukupa sawa."

"Kesho basi."

"Ni kilo tano nukta nane."

Kok Wai alimtazama. Alikuwa na majibu mawili matatu mazuri ya kifundi: kwamba kilo tano kwa springi kama zile ni sawa na nzi juu ya ng'ombe. Badala yake akaenda kuchukua bakuli la bati. Alifungua gunia dogo, akaongeza mchanga konzi kwa konzi, anapuliza ule unaomwagika pembeni, mpaka mshale wa mizani ya durian ukakaa kwenye kumi na tisa na kidogo. Kisha la pili. Akayarudisha ndani, akayafunga mikanda, la Balqis akalivutia mkanda mpaka mwisho.

"Kaa kwenye usukani," akasema. "Kaa vile unavyoendesha."

Baharom akakaa. Kabla ya hapo alikuwa ameandika ujumbe, kwa kidole kimoja, akiufuta na kuuandika tena, na mwisho ukawa mfupi: *Mwambie napima gari. Limetengenezwa. Halitamtapisha.* Akautuma, akaiweka simu mbele, karibu na kioo, pale jua lilipokuwa linamalizikia. Kok Wai akampitishia dirishani kikombe cha maji, akijua kwamba muda wowote adhana itaita, akaingia chini.

Adhana ikaita. Baharom akanywa maji mahali alipokuwa, mgongo ukiwa umenyooka. Chini yake spana iligusa nati, ikateleza, ikashika.

"Sasa usitikisike, mjomba. Hapa ndipo penyewe."

Simu ikaanza kutetema. Haikuwa ujumbe, ilikuwa inaita, jina la Suhaila likiwaka, na kwa kila mtetemo ilijisogeza kidogo juu ya dashibodi, ikielekea upande wa abiria, mbali na mkono wake. Angeinama tu angeifikia.

"Usiegemee," alisema fundi. "Robo mzunguko."

Baharom akashika usukani kwa mikono miwili, macho kwenye simu, akakaa wima.