Sanduku Lililokataa Redio

Ndinda alitoka Kongo, kule Kawangware, asubuhi akatembea hadi mtaa wa Laini Saba na kiondo begani, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Ndani ya kiondo mlikuwa na sanduku la bati: pawasaplai, ile inayogawia kompyuta umeme. Alitaka mtu mmoja tu alione. Mzee Muia alimfundisha kazi ya redio miaka mitatu, na siku Ndinda alipoondoka kwenda kujitegemea, mzee aliwaambia majirani, "Huyo bado si fundi." Haki, maneno hayo yalimuuma. Leo alitaka mzee ayaseme tena, sanduku likiwa mezani.

Na asikudanganye mtu kwamba kulitengeneza kulikuwa rahisi. Alinunua masanduku manne kwa wauza vyuma, ofisi za mjini zikiwa zimeyatupa, na yote yalikuwa na tabia moja: ukiyawasha, feni inashtuka kidogo, kisha kimya. Wewe na mimi tungesema ni mabovu. Yeye alikaa nayo wiki mbili, mpaka alipofunga balbu ya breki ya gari kati ya waya mwekundu na mweusi. Feni ikazunguka. Kumbe lile sanduku halipendi kukaa bure! Lipe kazi, hata ya kuwasha balbu, nalo litakupa volti kumi na mbili kwenye waya wa njano mchana kutwa.

Alimkuta Muia ameinamia redio ya gari, jasho linamtoka. Khamala, mwenye matatu, aliileta kwa sababu ilikuwa inatafuna kanda, basi. Sasa haikuwaka kabisa. Kila Muia alipoifunga kwenye betri yake ya lori, fyuzi iliungua. Alipochoka kubadilisha fyuzi akaweka kipande cha waya mahali pake, na moshi ukatoka.

"Umeniletea mboga?" Muia akauliza, akikitazama kiondo.

"Nimekuletea stima, mzee. Hebu niazime hiyo redio."

Akalitoa sanduku, akaliweka mezani, na Oloo, kinyozi wa jirani, akawavutia waya wa umeme kutoka kwake. Balbu ikawaka, feni ikavuma. Ndinda akaifunga redio. Tik, sanduku likazima. Oloo akacheka mpaka akashika mlango. "Limekufa hata chai halijanywa."

Ndinda akaitoa redio, akaliwasha sanduku upya, likavuma. "Halijafa, limekataa," akasema. "Betri yako haijui kukataa, mzee. Inasukuma tu mpaka kitu kiungue. Hili likikuta shoti ndani, umeme ukipita njia ya mkato, linajizima. Sasa tuitafute."

Akapasha chuma cha kulehemea kwenye jiko, akatoa kifaa kimoja, akajaribu. Tik. Akatoa cha pili. Tik. Cha tatu kilikuwa diodi ndogo nyeusi, pale umeme wa betri unapoingilia. Safari hii feni haikusimama, na taa ya redio ikawaka.

Ndinda akaiweka diodi kiganjani. Diodi ile haifi bure. Iko pale kuilinda redio mtu akigeuza waya za betri. Akazitazama waya za betri ya Muia: zote mbili nyeusi, rahisi kuzigeuza. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na Khamala mwenyewe alikuwa amefika. Neno moja tu, na mzee angeaibika mbele yao wote. Lakini mzee huyu ndiye aliyemfundisha kushika chuma. Ndinda akaificha diodi ngumini.

"Ni nini kiliharibika?" Khamala akauliza.

"Kifaa kidogo tu. Vitu huchoka."

Muia alikuwa ameiona ile diodi. Alisimama, akapangusa mikono kwenye koti.

"Hakikuchoka," akasema. "Niligeuza waya, Khamala. Redio yako niliichoma mimi, na siku tatu sikujua. Aliyejua ni huyu, na alitaka kunifichia." Kisha akakisukuma kiti chake hadi kwa Ndinda. "Kaa, fundi. Kazi ni yako, imalize."

Ndinda akakaa, macho ya Laini Saba yote yakimtazama, na hakuona haya kujivuna.