Chupa Isiyo na Risiti

Kalamu ya langoni ilikuwa imekauka tena. Watu kumi na wanne walikuwa mbele ya Katoni kwenye foleni, na kila mmoja aliitikisa, akaipulizia pumzi, akaisugua kiganjani, ndipo akaandika kwenye kitabu cha walinzi: simu moja, mwavuli mmoja, chupa moja ya chai. Sheria ya bohari ilikuwa hiyo. Unachoingia nacho asubuhi ukiandike, la sivyo jioni ukikutwa nacho kitahesabiwa kuwa mali ya duka. Mama mmoja wa usafi aliwahi kuandika hata meno yake ya bandia. Watu walimcheka, wakaacha kucheka mwezi uliofuata, fundi wa umeme alipofukuzwa kazi kwa ajili ya bisibisi yake mwenyewe.

Katoni aliitwa hivyo na wenzake, kwa sababu kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kushusha katoni kwenye malori, kuzipanga boharini, kisha kuzipandisha dukani. Saa ya ukutani ilimbakizia dakika mbili. Ukigonga kadi ukiwa umechelewa hata dakika moja, ujira wa nusu siku umekwenda na maji. Ndani ya mfuko wa suruali alikuwa na chupa aliyoivisha soksi ili isigongwe. Akapima moyoni: nusu siku, au mstari mmoja kwenye kitabu? Akajiambia ataandika mchana, foleni ikiisha. Akagonga kadi, akaingia. Na mchana, kama ujuavyo, una mambo yake.

Chupa yenyewe ilikuwa ya kioo kinene cha kijani, yenye mabega mapana na kifuniko kizito cha chuma. Karatasi ya mbele ilikuwa na picha ya farasi, ila sasa alibakiwa na mkia na miguu miwili tu. Ilikuwa manukato ya kiume ya zamani, ya baba yake. Wenzake hurithi mashamba, wengine hurithi ugomvi wa mashamba. Yeye alirithi chupa. Kiti cha kunyolea kilichukuliwa na mwenye kibanda, vioo vikachukuliwa na baba mdogo, mikasi ikapotea siku ya msiba na hadi leo hakuna aliyeiona.

Baba alikuwa kinyozi. Kutwa nzima alisimama katikati ya nywele za watu, jasho la watu na harufu ya spiriti. Jioni alinawa hadi kwenye viwiko, akabadili shati, akadondosha matone mawili ya manukato yale, moja kila upande wa shingo, ndipo akaenda nyumbani. Wateja walimtania. "Kinyozi, sisi unatupaka spiriti, halafu hiyo nzuri unampelekea nani?" Naye alijibu vilevile kila siku: "Yule anayenifungulia mlango." Manukato hayo yalipoacha kuletwa madukani, alibakiwa na chupa hiyo moja, akaitumia kwa ubahili kwa miaka mingi. Matone mawili yakawa moja. Mlango aliendelea kufunguliwa.

Kisha mama akaanza kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina, akaja kwenye nyuso. Baba alipofariki, mama hakujua kwamba amefariki. Alijua tu kwamba amechelewa. Kwa siku tatu alikataa kula. Mwanawe akisogea na bakuli, alimtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni, akamwambia, "Mita iko nje." Alimdhani mtu wa kusoma umeme. Mtoto aliyezaliwa kwa uchungu wa siku mbili, leo anaelekezwa ilipo mita! Katoni alikuwa akitoka, anasimama uani, anafuta macho, anarudi, naye anaambiwa tena, "Baba, nimekwambia mita iko nje."

Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, alijipaka tone moja la manukato ya baba, akaingia. Mama aliinua kichwa. "Umechelewa leo," akasema, akafungua kinywa kama kifaranga.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miezi minane. Mchana Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, alimwangalia mgonjwa na kumpa chai, nayo mara nyingi ilimwagwa. Chakula cha kweli kilikuwa kimoja, cha jioni, naye alikila kwa mkono wa mumewe tu. Sasa ndani ya chupa kulikuwa kumebaki kina cha kidole kimoja. Katoni alikwisha kupiga hesabu: kwa tone moja kila jioni, ni miezi mitatu, minne akiwa mchoyo. Baada ya hapo hakujua mama angekula kwa mkono wa nani.

Ndiyo maana alikuwa ameibeba. Dada wa kaunta ya manukato, msichana mpole aliyezoea kumsalimia, alikuwa amemwambia, "Kaka, ilete niinuse. Labda tunayo inayofanana nayo, jina tu limebadilika."

Saa ya chakula ilipofika alipanda dukani badala ya kwenda langoni kuandika. Dada alifungua kifuniko, akavuta pumzi.

"Hii ni ya lini?"

"Mimi nilikuwa sijaota ndevu."

"Basi mimi nilikuwa sijazaliwa." Alinusa tena. "Ina kitu kama ndimu, halafu nyuma yake kama mbao iliyopigwa randa. Siku hizi hawatengenezi hivi. Siku hizi ni sukari tu."

Alimjaribishia saba, moja baada ya nyingine, kwenye vipande vya karatasi. Sita zilikuwa mbali kabisa. Ya saba ilikaribia. Katoni aliinusa, akafumba macho, akamtafuta baba yake humo, akamkuta mtu anayefanana naye kwa mbali, wa kupita barabarani.

"Hii bei gani?"

Dada alimwonyesha kibandiko. Juzi tu kilikuwa kimebandikwa kipya juu ya cha zamani. Ulikuwa mshahara wa mwezi mmoja na wiki mbili.

"Chukua hiyo karatasi," dada alimwambia kwa sauti ya chini. "Mjaribu mama nayo. Ya majaribio ni bure."

Kengele ikalia. Lori la sabuni lilikuwa limefika, na Katoni akateremka mbio. Alishusha katoni mia mbili na kumi, mgongo ukimuuma, mkono ukienda mfukoni kila baada ya muda kuhakikisha chupa haijapata nyufa. Kitabu cha langoni kilimtoka kichwani kabisa.

Jioni, kwenye ukaguzi wa kutoka, mlinzi alimpapasa kama kawaida, akicheka. Walijuana, kwa miaka mingi mlinzi huyo alinyolewa na baba yake kila Jumamosi. Mkono ukasimama mfukoni.

"Kaka, hii nini?"

"Chupa ya mzee. Nimeingia nayo asubuhi."

Mlinzi alifunua kitabu, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Hukuiandika."

"Kalamu ilikuwa haiandiki, na saa ilikuwa inanikimbiza. Wewe mwenyewe unaijua chupa hii. Ilikuwa inakaa pale kibandani juu ya kioo."

Mlinzi alifungua kifuniko. Harufu ilipotoka, uso wake ulilegea, akawa kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Kwa muda mfupi Katoni aliamini mambo yamekwisha. Lakini nyuma ya kioo cha ofisi ya lango alikuwa amekaa msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Kanuni kwa sababu sentensi zake zote zilipitia neno hilo. Kanuni alikuwa amekwisha kusimama.

"Kuna nini?"

Mlinzi alifunga kifuniko. Alikuwa na watoto watano, na yule fundi wa umeme alipofukuzwa, mlinzi wa zamu aliyetaka kumwachia alifukuzwa pamoja naye. "Chupa ya manukato, mkuu. Haimo kitabuni."

Kanuni aliigeuza chini juu. "Kitabu kinasema haikuingia. Kama haikuingia, imetoka wapi? Imetoka humu ndani. Ni hesabu rahisi."

"Mkuu, hiyo chupa ni ya tangu sijaota ndevu. Hebu itazame. Duka hili halikuwepo."

"Risiti yake?"

"Ya marehemu baba yangu? Miaka yote hiyo?"

"Kila mali halali ina risiti. Ndiyo kanuni."

Sauti nyembamba ilitoka kwenye foleni. Ilikuwa ya dada wa kaunta. "Mkuu, sisi hatuuzi hiyo. Nimeiona mchana, ni ya kwake."

Kanuni aligeuka taratibu. "Mchana? Mbeba mizigo alikuwa kaunta yako mchana? Kwa ruhusa ya nani?"

Dada aliinamisha kichwa. Katoni hakumlaumu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale langoni walishika nusu ya kwanza tu.

Kanuni alieleza utaratibu bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Chupa ingewekwa kwenye kabati la vielelezo. Katoni angetia saini onyo la mwisho, kisha angepewa siku thelathini kuleta risiti au barua ya mirathi yenye mhuri wa mahakama. Siku zikipita, vitu vya kabatini huvunjwa. Asipotia saini, basi ni wizi, na kesho asije.

"Mkuu," Katoni alisema, na sauti yake akaisikia ikidhoofika mbele za watu, "mama yangu hali mpaka ainuse hiyo. Ni mgonjwa. Niache nayo leo, kesho nitairudisha uifungie."

"Kila mtu ana mama, bwana."

Katoni alichukua kalamu, ileile iliyokauka, akaipulizia pumzi, akatia saini. Onyo la mwisho lilimtaja kwa namba yake ya kadi. Kisha akalivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka mezani, akabaki na shati lake.

"Naomba niione mara ya mwisho."

Kanuni alimpa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyokataza kuona. Katoni akafungua kifuniko. Akajimiminia yote: kwenye kola, kifuani, mikononi, hadi tone la mwisho likaning'inia mdomoni mwa chupa, naye akalipangusa kwa kidole na kulipaka shingoni, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Lango zima likanukia kibanda cha kinyozi. Mlinzi aligeuza uso ukutani.

"Unafanya nini? Umeharibu kielelezo!"

"Kielelezo ni chupa, mkuu, hiyo hapo. Shati ni langu." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Shati nina risiti yake."

Alitembea nyumbani kwa miguu. Watu walimpisha njiani wakigeuka, na mama mmoja aliyekuwa akipanga ndoo zake alisema kwa sauti, "Leo kuna mtu anaenda kuposa!" Hakujibu. Miezi mitatu ilikuwa mwilini mwake, ikikauka kwa upepo, na jinsi alivyoharakisha ndivyo upepo ulivyozidi. Akapunguza mwendo. Baadaye akaona giza litaingia mama akiwa na njaa, akaharakisha tena.

Mama Pacha alikuwa mlangoni. "Afadhali umerudi. Leo hata chai kaitema. Nimembembeleza mpaka nimechoka." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Makubwa! Umeoga kwenye chupa?"

"Imekwisha, jirani."

Alimtazama, akaelewa, akamshika mkono.

Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga imepanda mabegani. Alisikia harufu kabla hajaona mtu, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Baba watoto! Leo umejimwagia. Unaenda kuoa?"

"Nakuja kwako."

Alicheka, akajitengeneza kanga kwa aibu ya msichana. Katoni akaketi kando yake na bakuli la supu, akamlisha kijiko kwa kijiko. Alikula lote. Akaomba tena, akaongezewa, akala. Katoni alimwangalia akitafuna, na moyo wake ukauma kwa furaha ile kama ambavyo usingeuma kwa huzuni. Akaitoa ile karatasi ya majaribio, akampitishia karibu na pua.

Mama alikunja uso. "Nani huyo?"

"Si mtu," akasema, akairudisha mfukoni.

Alipomaliza kumpangusa kinywa, alilivua shati, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akautoa hewa, akaufunga mafundo matatu. Labda wiki moja. Labda mbili, akiufungua kidogo tu kila jioni. Akavaa fulana, akamimina supu iliyobaki kwenye sahani, akaketi kwenye kigoda. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni.

Mama alimgeukia. "Mtoto hajarudi kutoka kazini?"

Kijiko kilikuwa njiani. "Bado, mke wangu."

"Wanamchelewesha sana, maskini. Wanamnyonya." Akanyoosha kidole kwenye sahani. "Hicho usile. Hicho ni cha mtoto. Atarudi na njaa."

Katoni akarudisha kijiko, akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akaisogeza ukutani ili isipate inzi. Kisha akakaa karibu na mama yake, wote wawili wakiutazama mlango, wakimsubiri.