Kahawa ya Mtihani

Sisi wa Marangu tunalima kahawa, kuinywa hatujui. Sisi ni watu wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndiyo maana baba yangu, mzee Leodegar, alipoamua kumnywesha mdogo wangu Victoria kahawa, aliipima kwa kata ileile ya pombe.

Mwaka ule bei ilikuwa imeanguka na wanunuzi binafsi hawakurudi, kwa hiyo kahawa ilijaa ndani. Victoria alikuwa darasa la saba, kichwa cha shule nzima, na alitaka kuwa nesi. Baba alikuwa ameshaapa: akifaulu ataendelea na masomo, akifeli atakwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa shangazi Martha. Mtihani ulipokaribia, akaja na maarifa yake.

"Kulala ni kusahau," alisema. "Ulichosoma mchana, ukilala kinamwagika chote. Kesha nacho."

"Baba, mimi nikilala ndiyo kinakaa."

"Nani kakufundisha hayo? Kunywa!"

Nilimwambia mtoto anatetemeka mikono. Akanijibu kwamba mimi nililala sana, ndiyo maana nimeishia kumenya ndizi. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Victoria alikesha juma zima, baba pembeni na kata yake. Siku ya mtihani alirudi akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Dada Monica, maswali yote nilijua kwamba nayajua," aliniambia. "Ila nikitafuta jibu, ndani hamna kitu. Halafu nikasinzia. Msimamizi ndiye aliyeniamsha, anakusanya karatasi."

Akaingia ndani akalala, mpaka kesho yake jua likapinduka. Alipoamka hakuomba hata maji. Alikaa kitandani akaanza kuyataja majibu yake: eneo la duara, sehemu za ua, mito na milima, moja baada ya jingine, machozi yanamtiririka.

Baba alisikia, akaja mbio mlangoni, uso umemng'aa.

"Si unajua! Kumbe unajua yote!"

"Mtihani ulikuwa jana, baba."

Hakuondoka. Alimwuliza swali la hesabu, akajibu. Akamwuliza jingine, akajibu. Aliendelea kuuliza, mzee yule, sauti ikizidi kufifia, na mdogo wangu hakukosa hata moja.

Januari shangazi Martha alikuja kumchukua.