Mchanga Unaoatamia

Ruvina alimdharau mkwewe tangu siku alipopata habari ya yai. Jeriel, mwalimu wa darasa la sita, mtu wa kisiwa cha Malaita aliyekuja kisiwani Savo na sanduku moja na miwani, alichukua yai kutoka shamba la mama mkwe, akalichemsha, akalipeleka darasani na kulikata katikati kwa kisu. Akawaambia watoto kwamba dunia imeumbwa hivyohivyo: ganda jembamba tunalolikanyaga, ute wa mwamba wa moto unaotambaa polepole huko chini, na kiini cha chuma katikati. Somo likaisha, yai likaachwa mezani mpaka sisimizi wakalimaliza.

"Dunia nzima kaitia kwenye yai langu!" Ruvina alimwambia binti yake Melesi, akitema mate mekundu ya popoo. "Hebu mwambie mumeo, kama dunia ni yai, basi sisi wa Savo tumekaa pale lilipopasuka. Makalio yetu yana joto tangu enzi za bibi zetu. Hatukungoja mtu wa Malaita aje kutupapasa."

Melesi akarudi kwa mumewe, akamwambia, "Mama anasema somo lako ni zuri, ila mayai ni machache msimu huu."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kwa desturi ya huko, mama mkwe na mume wa binti hawasemezani, hawatazamani usoni, wala mmoja hatamki jina la mwenzake. Akilitamka, analipa nguruwe. Kila neno lilipita kinywani mwa Melesi, na Melesi aliogopa ugomvi kuliko tetemeko la ardhi. Neno likiingia kwake kali lilitoka limelainika, liwe la mama au la mume. Alijiona mwenye hekima kwa ajili hiyo, na kijiji kizima kilimsifu, maana kijiji kile kilipenda sana kusifu kitu ambacho hakijakiletea madhara bado.

Shamba la mayai la Ruvina lilikuwa kando ya kijito cha maji moto, pale mlima unaposhuka kuugusa ufuo. Ndege wa huko ni mweusi, ana miguu mikubwa na hana muda wa malezi: anachimba shimo mchangani, anataga yai kubwa kupita kiasi cha mwili wake, analifukia na kwenda zake. Moto wa ardhini ndio unaoatamia. Watu huamka alfajiri, kila ukoo kwenye kiwanja chake kilichozungushiwa wigo wa makuti, na kuchimba mpaka mkono uzame hadi begani. Kiwanja cha Ruvina kilitoka kwa mama yake na kingekwenda kwa Melesi, na Ruvina alikuwa akikitaja kama wengine wanavyotaja cheo cha serikali.

Mwaka ule kaka yake Ezron, mkuu wa kijiji, alitaka shamba jipya la viazi vitamu. Akafyeka msitu kule juu korongoni, akashuka nao mpaka ukingoni mwa kijito bila kuacha hata mti wa kumfunika kuku. Magogo akayaacha yamelala. Alisema atayashughulikia, na Ezron akisema atashughulikia jambo, watu hulisahau ili wasimwaibishe.

Mvua za kwanza zikanyesha, na kijito kikakauka.

Mvua inanyesha, kijito kinakauka: mtu mwenye akili timamu angesimama akajiuliza. Ruvina hakusimama. Alikuta mkondo mtupu, mchanga laini wenye joto la kupendeza, na ndege wameshaanza kuchimba humo. Kabla jua halijapanda alikuwa ameng'oa wigo wake wa upande ule na kuusogeza mpaka ng'ambo ya pili.

"Lakini dada," jirani yake Nelma alilalamika, "kijito ni cha wote."

"Kijito kiko wapi? Nionyeshe maji, nami nitakurudishia."

Nelma hakuwa na maji ya kuonyesha. Asubuhi ile Ruvina alijaza kikapu mpaka kishikio kikalia, akapita katikati ya kijiji polepole kuliko kawaida, ili hata vipofu wapate kujua.

Jeriel yeye alijiuliza. Alipanda korongo peke yake, akashuka mchana na matope mpaka kwenye miwani, akaenda moja kwa moja kwa Ezron, aliyekuwa amekaa na wenzake wakitafuna popoo.

"Mkuu, udongo wa shamba lako umeporomoka. Umeziba korongo pamoja na yale magogo. Nyuma yake kuna ziwa la maji ya moto, na linapanda."

"Una muda gani hapa, mwalimu?" Ezron alimwuliza. "Mlima huu unatujua sisi."

"Mlima haumjui mtu. Mizizi ndiyo iliyoshika udongo. Umeikata, udongo umeshuka. Udongo umeshuka, maji yamezuiwa. Na maji yenyewe yana moto chini na mvua juu. Ukigusa kimoja umevigusa vyote."

"Kwa hiyo nikikohoa, bahari itajaa?"

Wote wakacheka, kama watu wanavyocheka mkuu anapotania. Ezron akakohoa kwa makusudi, akautazama ufuo, akasema mbona maji hayajapanda. Wakacheka tena. Jeriel akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alimshika Melesi mabega yote mawili. "Nenda kwa mama yako sasa hivi. Mwambie atoke kwenye mkondo. Asipotoka atakufa, na hatutapata hata maiti ya kuzika."

Melesi alikwenda, na njiani akalipima neno lile. Kumwambia mama mzazi kwamba atakufa si ni kumlaani? Alipofika alikuwa ameshalimenya maganda na kulitoa mbegu.

"Mama, mwalimu anasema huko juu kuna maji kidogo yamesimama. Labda ungepumzika siku chache. Mgongo wako nao."

Ruvina akacheka mpaka akashika ubavu. "Ahaa! Leo mgongo wangu unamuuma yeye! Nikalale, aje achimbe. Mwambie mumeo ndege hawavai miwani, na mchanga mzuri wanaujua. Ndege hadanganyiki."

Ndege anajua joto, basi. Habari za maji yaliyo juu yake hana, na hajawahi kujisifu kuwa anazo. Sifa hizo alipewa na Ruvina, na Ruvina alimpa kwa sababu zilimfaa mwenyewe.

Melesi akarudi kwa mumewe. "Mama amesikia," alisema. "Anakushukuru, anafikiria." Kesho yake Jeriel alimtuma tena, na keshokutwa tena, kila mara kwa maneno makali zaidi, na kila mara Ruvina aliletewa habari za mgongo wake.

Kisha ikanyesha mvua ya usiku kucha. Alfajiri Jeriel alikimbia korongoni, akaona maji yanapenya katikati ya magogo na udongo unatoka nayo mabongemabonge. Akageuka akashuka akianguka na kuinuka. Alipofika chini, Ruvina alikuwa amelala kifudifudi katikati ya mkondo, mkono umezama mchangani, na Melesi amesimama ukingoni akishika kikapu.

"Mwambie atoke!" Jeriel alisema kwa pumzi iliyokatika. "Linabomoka! Mwambie, sasa hivi!"

Melesi akamgeukia mama yake. "Mama, mwalimu anaomba, kama si usumbufu..."

Jeriel akaduwaa. Tangu aoe hakuwahi kusimama karibu kiasi cha kusikia maneno yake yalivyofika.

"Kama si usumbufu?" alisema. "Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimwambia?"

Melesi akaangalia chini. Mama yake kule mkondoni hakuinua hata kichwa.

"Mwambie mumeo," alisema Ruvina akiuambia mchanga, "yai hili liko chini sana, nimeshaligusa. Akiwa na shida aende akaoge."

Jeriel alimtazama mkewe, akalitazama korongo, kisha akaruka ndani ya mkondo, akasimama mbele ya mama mkwe wake, uso kwa uso, jambo ambalo hakuna mwanamume wa kijiji kile aliyewahi kulifanya akiwa hajalewa.

"Ruvina!"

Kikapu kikamdondoka Melesi. Watu waliokuwa kwenye viwanja vyao wakainua vichwa.

"Ndiyo, wewe Ruvina! Bibi mlafi usiye na haya! Ndege wenyewe hawayaatamii mayai yao, wewe umeyalalia kama umeyataga! Mwizi wa kijito! Kaka yako kichwa kitupu, na wewe mdomo mtupu! Na lile yai lako nililolikata lilikuwa bovu!"

Mengine yote labda angeyavumilia mpaka amalize kuchimba. Bovu? Ruvina alichomoa mkono mchangani, akashika mti wake wa kuchimbia, akainuka kwa wepesi ambao mgongo ule mgonjwa haukuutarajia. Jeriel alirudi nyuma, akapanda ukingo, akazidi kutukana. Akamtukana popoo wake, upishi wake, sauti yake ya kanisani. Kila alipokaribia kufikiwa na mti alisogea hatua juu zaidi, na Ruvina nyuma yake, akihema, macho mekundu, anakanyaga viazi vya watu. Melesi aliwafuata akilia. Nelma na wengine waliacha mashimo yao wakapanda mbio, maana faini kubwa kama ile mtu hataki kuisikia kwa kusimuliwa.

Walikuwa wamefika ukuta wa kanisa ndege wote waliporuka kwa pamoja.

Korongo likanguruma. Ukashuka uji wa kijivu unaofuka mvuke, unanuka kiberiti, umebeba magogo ya Ezron yakigongana kama meno. Ulipita juu ya wigo, juu ya mkondo, juu ya shamba lote la mayai, ukaingia baharini na kuyafanya maji ya ukingoni yatoe moshi. Ulipopungua kulikuwa na tope tupu, moto, tambarare. Ruvina alibaki ameinua mti wake hewani, hana tena wa kumpiga.

Kikao kikakaa jioni ileile. Unadhani kilizungumzia miti? Kilizungumzia jina. Ezron, ambaye viazi vyake vilikuwa vimeshafika baharini, alikaa katikati, akatoa hotuba ndefu juu ya heshima ya wakwe na vijana wa siku hizi, akaamua nguruwe mmoja mkubwa. Hakuna aliyemkatiza. Jeriel alileta jike aliyekuwa akimfuga tangu harusi yake, akamkabidhi kamba Ruvina akiwa ameinamisha uso, kama desturi inavyotaka. Ruvina akaipokea.

Asubuhi yake hakuwa na mahali pa kuchimba. Alikaa mlangoni, nguruwe amefungwa kando, akamwita Melesi.

"Siku zile zote mumeo alikuwa akisemaje? Nataka maneno yake. Yako sitaki."

Melesi alianza kulia. "Alisema utakufa. Alinituma kila siku, mama. Mara ya mwisho alinipigia magoti."

"Na maneno yangu, yeye ulikuwa ukimfikishiaje?"

"Nilimwambia unamshukuru."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Ruvina aliona aibu, aibu hasa, ya kuwasha masikio, na hakuwa amezoea. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumbebesha, na hakukuwa na mtu. Alikuwa amemcheka mtu aliyepiga magoti kwa ajili yake.

"Basi nenda," alisema hatimaye. "Kamwambie namshukuru."

Melesi alitikisa kichwa. "Nimeshalisema mara nyingi mno. Nikimwambia mimi, hataliamini tena."

Ruvina akainuka. Akafungua kamba ya nguruwe, akamkokota katikati ya kijiji mchana kweupe, akampita Ezron aliyekuwa kibarazani.

"Faini yako unaipeleka wapi?" Ezron akamwuliza.

"Nakwenda kulipa."

"Kulipa nini? Wewe ndiye uliyetukanwa!"

"Nalipia nitakachosema. Kaa hapo ukohoe."

Jeriel alikuwa barazani mwake akisahihisha madaftari. Alipomwona mama mkwe anakuja aligeuza uso upesi, akainama kama inavyompasa. Ruvina alimfunga nguruwe kwenye nguzo ya nyumba, akahakikisha fundo limekaza, ndipo akasimama nyuma ya mgongo wa mkwewe.

"Jeriel," alisema. "Geuka. Kutukana hujui, unatukana kama mtoto wa kwaya. Lakini nilikuwa nakufa. Asante."

Jeriel akageuka.