Injini ya Pijo Langu

Mwanangu Wilson alisimama katika gereji ya fundi Hasheem, mjini Tukuyu, akasema gari langu la Pijo liuzwe kama chuma chakavu.

"Injini imekwisha, baba. Siku hizi serikali imeruhusu kuagiza, magari ya mitumba kutoka Japani yanaingia kila mwezi. Tunahangaika na nini?"

Nilipandwa na hasira. Gari lililompeleka mama yake hospitali ya Igogwe kumzaa yeye, leo analiita chuma! Nikamgeukia Hasheem.

"Oili zenu hizi za soko huria ndizo zilizoiua! Mimi injini hii sijaichezea hata siku moja!"

Hasheem aliniacha nimalize. Kisha akapitisha kidole ndani ya silinda iliyolika.

"Mzee Anyitike, hii imetembea ikiwa baridi miaka mingi. Iko wapi themostati, ile inayozuia maji mpaka injini ipate moto?"

"Niliitoa. Madereva wa Dar es Salaam waliniambia inachemsha gari."

"Dar es Salaam kuna joto, mzee. Hapa kwetu ni mvua na ukungu. Injini isipopata moto inajimaliza yenyewe. Uliitoa lini?"

Wilson ndiye aliyenyoosha kidole kwenye funguo mkononi mwangu, ambako themostati ile ilikuwa imening'inia kama pambo tangu mwaka sabini na nane.

"Fungua injini, uitengeneze yote!" nikafoka, nikiichomoa themostati kwenye funguo. "Na hii irudishe mahali pake. Na wewe Wilson, unacheka nini?"