Cheti Kilichobaki Kijani

Tangu asubuhi Fundi alikuwa hakai kiti kikapata joto. Akikaa, anainuka, akiinuka, anakwenda dirishani, dirishani hakuna cha kuona ila ukuta wa maabara na kamba iliyoanikwa mashuka ya kufundishia uuguzi, basi anarudi kukaa. Chai yake ilikuwa imepoa mezani ikafanya utando. Simu aliilaza kifudifudi, kwa sababu alishajiapia kwamba hataiangalia tena. Aliiangalia.

Kitinda alikuwa hajaandika kitu.

Kitinda ndiye mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na kwa kuwa kwao watoto walikuwa wengi na mama mmoja, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wake wa kumzaa. Sasa yule wa mgongoni alikuwa muuguzi aliyehitimu, na saa hiyo alikuwa kwenye foleni ya hospitali kubwa ya upande wa pili wa mji, yeye na wenzake wa darasa moja, wakisubiri kuitwa kwenye usaili. Hospitali ile haiajiri ovyo. Ikishaajiri, hukaa kimya mpaka watu wasahau kwamba huwa inaajiri. Kitinda alikuwa ameingojea nafasi hiyo kufa kupona, na dada yake aliingojea kumshinda yeye.

Walichotakiwa kwenda nacho ni simu tu, na hiyo ilikuwa kazi ya Fundi. Chuo chao cha uuguzi kilikuwa kimechoshwa na vyeti vya karatasi. Kila mwenye mashine ya kuchapisha na uso mkavu aliweza kujifanya muuguzi, na wako waliojifanya. Fundi alikuwa ndiye mtu wa kompyuta pale chuoni, za watu wote, hata ile ya Mkuu wa chuo, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa Mkuu mwenyewe. Ni yeye aliyesimama mkutanini akasema karatasi zife. Akachukua kifurushi cha zana wanachotumia waandishi wa programu, kile ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua bure, akajengea vyeti vya kwenye simu. Kila cheti kinatiwa saini kwa ufunguo wa siri wa chuo, ufunguo ambao si wa chuma bali ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mwajiri akielekeza simu yake kwenye mraba wa vidoto vyeusi, programu inaikagua ile saini. Ikiwa ni ya chuo, inatoka rangi ya kijani. Ikiwa siyo, au chuo kimekifuta cheti, inatoka nyekundu. Hakuna kubembelezana.

Walimu walimpigia makofi. Mama yake aliuliza kama cheti cha namna hiyo kinaweza kutiwa kwenye fremu.

Simu ikatetemeka. Fundi aliidaka haijamaliza. Hakuwa Kitinda, alikuwa Kicheko.

Huyo alifanya naye kazi meza moja pale chuoni, mpaka alipohamia kampuni nyingine kutengeneza vyeti vya aina hiyohiyo. Ni mtu wa masihara kiasi kwamba hata msibani hukaa mbali na wafiwa, asije akawachekesha. "Shikamoo Profesa," aliandika. "Nimejipa shahada ya chuo chenu. Ikague, unitumie picha ya hiyo nyekundu niibandike ofisini."

Chini yake kulikuwa na cheti. Kilisema kwamba Kicheko amehitimu Uuguzi wa Wagonjwa wa Uvivu, na amebobea katika Kuonja Chai za Wenzake. Jina la chuo lilikuwa pale juu, limekaa sawasawa.

Fundi alicheka, mara yake ya kwanza kucheka siku hiyo, akakifungua cheti kwenye kompyuta, akaelekeza simu kwenye mraba.

Kijani.

Aliendelea kucheka kidogo kwa mazoea, kisha akaacha. Akafunga programu, akaifungua, akakagua upya. Kijani. Akachukua simu ya ofisi, akakagua na hiyo. Kijani, na chini yake maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: Cheti hiki ni halali.

Akampigia. "Umekitia saini kwa kutumia nini?"

"Hata salamu hakuna?"

"Nakuuliza, umekitia saini kwa kutumia nini?"

"Ule ufunguo wa mfano. Ule unaokuja ndani ya kifurushi, wa kujifunzia. Kwani imetoka rangi gani?"

Fundi alikuwa ameshafungua faili la mipangilio kwenye kompyuta, anashuka nalo mstari kwa mstari. Mahali pa ufunguo hapakuwa na ufunguo wa chuo. Palikuwa na ule wa mfano, umejikalia pale kwa raha zake tangu siku za majaribio. Ufunguo wa chuo alikuwa ameutengeneza, ameuhifadhi, ameufungia kwa nywila ndefu isiyokaririka. Alichosahau ni kuutumia. Mahafali yalikuwa yamewahishwa, akaambiwa vyeti vinatakiwa, akabonyeza, vikatoka, vikakaguliwa, vikawa vya kijani vyote. Na watu wa kazi hii wana wosia wao wanaoachiana, kwamba kitu kikishakubali usikiguse. Kilikubali. Hakukigusa.

"Wewe," Kicheko alisema, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha, "usiniambie ni kijani."

"Ni kijani."

"Basi mimi ni muuguzi. Mimi na kila aliyepakua hicho kifurushi. Naweza kuingia wodini leo nikamdunga mtu sindano. Uzime huo ufunguo, dada yangu. Uzime kwanza, tutalia baadaye."

Fundi alikata simu akatoka mbio mpaka mlangoni kwa Mkuu, na mlangoni akasimama, akageuka, akarudi nusu ya ukumbi, akageuka tena. Kuuzima ufunguo wa mfano maana yake kila cheti kilichosainiwa nao kinakuwa chekundu papo hapo, cha tapeli na cha mwenye haki. Na wenye haki walikuwa kwenye foleni. Alijaribu kujidanganya kwamba angeweza kungoja mpaka jioni, usaili uishe, Kitinda apite. Nani ataghushi leo, kati ya siku zote? Kisha akakumbuka kwamba Kicheko ameghushi leo, tena akiwa anakunywa chai, tena bila kujua kwamba anaghushi. Akabisha hodi.

Mkuu alikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla hajawa mtu wa vikao. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kalamu mkononi, na hakuelewa habari ya funguo hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mtu ambaye si muuguzi anaweza kufika kwa mgonjwa kwa kutumia hiki?"

"Anaweza."

"Zima vyote." Akaweka kalamu chini. "Na vipya visitoke, hata kimoja, mpaka kamati ya mitihani ikae ipitie majina upya. Tukikosea mara ya pili hatutakuwa na uso mbele za watu. Nitaiita wiki ijayo."

"Mkuu, darasa zima liko hospitali. Sasa hivi, kwenye foleni."

"Najua." Alinyanyua simu ya mezani akapiga hospitali. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, huku anamtazama Fundi juu ya miwani. "Mdogo wako naye yumo?"

"Yumo."

"Pole, mwanangu."

Angegombezwa angestahimili. Hiyo pole ndiyo iliyommaliza.

Alirudi kwenye kompyuta, akautoa ufunguo wa chuo mafichoni na kuuweka mahali pake, ulipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja, wa mfano ufe. Kidole kilikataa. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

Hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Kabla ya kuuzima ufunguo wa zamani, alifungua jina la Kitinda, akamtengenezea cheti kipya, akakitia saini kwa ufunguo wa kweli, akakituma. Simu ya Kitinda ingekipokea yenyewe, kimyakimya, na kile cha zamani kingejiondokea. Alijieleza mwenyewe kwa mdomo, peke yake ofisini, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Huyu amefaulu kweli. Saini ni ya kweli. Hakuna uongo ndani yake hata chembe. Kamati ikikaa itasema hayohayo, basi kosa liko wapi? Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakuwa na Kitinda.

Kisha akapiga moyo konde, akauzima ufunguo wa mfano. Akakagua kile cha Kicheko. Nyekundu. Akashusha pumzi, na pumzi yenyewe haikushuka vizuri.

Alizunguka ile meza. Alipanga nyaya ambazo hazikuhitaji kupangwa. Alikwenda kumwaga chai, akarudi na kikombe kilekile na chai ileile. Simu ilipoita, jina la Kitinda likiwa juu, aliipokea huku amesimama.

"Umepita?"

"Dada, kuna nini?" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na zogo la watu wengi wanaosema kwa pamoja. "Wenzangu wanatoka nyekundu. Wote. Mmoja mmoja, hapa mbele yangu. Mlinzi anawaita matapeli."

"Na wewe?"

"Mimi kijani."

Fundi alifumba macho, akashukuru, na ni kweli kwamba kwa muda ule hakumfikiria mtu mwingine yeyote.

"Msimamizi wa usaili ameishika simu yangu akaitazama sana," Kitinda alisema. "Ameniuliza kwa nini cha kwangu kimetolewa leo hii, na vya wenzangu vyote ni vya siku ya mahafali. Ameniuliza nina nani chuoni."

"Ukamwambiaje?"

"Sikusema kitu. Wenzangu ndio waliosema. Wanakujua, dada. Si wewe uliyetukalisha ukumbini ukatufundisha kufungua hiyo programu?"

"Nisikilize. Vyeti vyao ni vya haki, kosa ni langu mimi. Niliacha ufunguo usiofaa, imebidi nivizime. Mkuu anawapigia hospitali, hawapokei. Vipya vinangoja kamati ikae."

"Kwangu kamati imekaa?"

Fundi alianza kupanga tena nyaya zilezile.

"Ukawazima wote, ukaniacha mimi," Kitinda alisema. Hakuwa anauliza.

"Wewe umefaulu, Kitinda. Hujaiba."

"Na yule aliyekuwa akiniletea daftari zake nilipolazwa, yeye aliiba? Amekaa chini hapa, kwenye sakafu, anafuta machozi kwa kilemba. Ananiangalia."

"Msimamizi amesemaje?"

"Amesema ugomvi wetu haumhusu, kijani ni kijani. Mlango uko wazi, ameniambia niingie. Waliotoka nyekundu warudi nyumbani, wakisubiri tangazo jingine."

"Basi ingia." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ingia, mdogo wangu. Nafasi hii ikipita imepita. Wao nitawahangaikia mimi, nakuapia, nitalala mlangoni kwa Mkuu. Wewe ingia tu."

"Kifute."

"Usifanye utoto."

"Siwezi kuingia hapo ndani na hii. Kesho nitafanya kazi wodini na nani, dada? Nani atanipokea zamu akiniamini? Kifute na changu, sasa hivi, msimamizi akiwa bado ana simu yake mkononi."

"Nimekutafutia hii nafasi kwa..."

"Hukunitafutia. Niliitafuta mwenyewe. Nilikuwa nayo." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Kifute."

Fundi alikaa. Alifungua jina lile, akabonyeza, na programu ikamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu yeye mwenyewe aliiandika imuulize kila mtu hivyo. Machozi yalimzuia kuona kitufe. Alikipata kwa kupapasa.

"Tayari," alisema.

Alisikia Kitinda akiomba, kwa adabu kabisa, kikaguliwe tena. Alisikia mlio mdogo wa simu ya msimamizi. Zogo likatulia, kisha ikaja sauti ya mdogo wake, hasemi naye bali anasema na watu waliomzunguka: "Nyekundu. Mmeona?"

Fundi aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Zilipita hatua za viatu, mlango wa usaili ukafungwa, na baadaye kabisa msichana mmoja akasema kwa sauti ya mafua, ya mtu aliyetoka kulia, "Haya, sogeeni hapo. Naye akae."

Simu ikakatwa. Fundi aliifuta kwa kiganja, akajifuta uso, akatoka kwenda kumwambia Mkuu kwamba ufunguo mpya ulikuwa umeshatumika mara moja, na aliyeutumia ni nani.