Koti Mgongoni mwa Kiti

Katika kampuni ile ya uwekezaji, kazi haikuwa kuuza hisa tu. Kazi ilikuwa kuonekana. Bosi alikuwa na mtindo wa kupita kati ya meza akikagua viti, na kiti kitupu alikikumbuka kuliko faida uliyomletea. Vijana waliotoka chuoni na vyeti vyao wakajifunza ujanja upesi: unaacha koti mgongoni mwa kiti, na jirani yako akiulizwa anajibu, "Yupo, ametoka kidogo." Kwa uongo huo mdogo watu walipata nafasi ya kula, au kulia chooni na kurudi wamenawa uso.

Waliobaki kwenye majaribio walikuwa wasichana wawili, marafiki tangu chuoni, na nafasi ilikuwa moja. Mmoja aliitwa Asilimia, kwa kuwa kila kitu alikipimia asilimia, hata mapenzi. Mwenzake aliitwa Kimya, na sababu haihitaji maelezo. Wangeweza kuchimbana. Badala yake walilindiana makoti. Kwa hilo tu walistahili kuajiriwa wote, lakini nani aliniuliza mimi.

Wiki nzima Asilimia alilalamika kwamba kifua kinambana.

"Nenda hospitali, mwenzangu," Kimya alimwambia.

"Niko sawa asilimia themanini."

"Na hizo ishirini?"

"Hizo nitazitibu nikishaajiriwa."

Mchana mmoja maumivu yakamzidi, akakubali kwenda zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Alitundika koti kitini, akapitia ngazi za dharura ili asikutane na bosi kwenye lifti. Kimya akabaki analinda.

Bosi akapita. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yupo, ametoka kidogo."

Alipopita tena alijibiwa vilevile. Kisha simu ya mezani kwa Asilimia ikalia, na Kimya akaipokea. Alikuwa mama yake Asilimia.

"Mwanangu, namtafuta mwenzako kwenye simu yake ya mkononi. Inaita tu, haipokelewi. Moyo wangu hautulii, wala sijui kwa nini."

Kimya aliwaza kwamba saa hizo Asilimia yuko mbele ya daktari. Ya nini kumtia mama wa watu presha?

"Yupo, mama. Ametoka kidogo."

"Ah, afadhali. Mungu akubariki."

Jioni mfagizi alifungua mlango wa ngazi, akamkuta Asilimia amelala ghorofa moja tu chini yao, mwili umeshapoa. Daktari alisema ni moyo, na kwamba angewahiwa huenda angepona. Kazi akapewa Kimya. Bosi alimsifu kwa kutobanduka kitini siku ile, na Kimya akalia mbele yake bila kujificha. Bosi akamsogezea tishu huku akitazama saa.

Baada ya maziko Kimya alimpelekea mama yule lile koti. Mama alilipokea, akalipakata kama mtoto.

"Uliponiambia yupo, roho yangu ilitulia," alisema. "Nikarudi kufua nguo zangu."

Kimya alikuwa amekuja na maneno yake ya kuomba msamaha, ameyapanga njia nzima. Yote akayaacha.

"Sikujua, mama. Nilidhani yuko kwa daktari. Sikwenda kumtazama."

"Najua, mwanangu. Sikulaumu." Mama akawa anaondoa nyuzi kwenye kola, moja moja. "Nataka kuuliza jambo moja tu. Ile simu yake, aliiacha mezani?"

Kimya angeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari, mdogo kama ule wa kila siku, na ungemsaidia yule mama kulala. Lakini midomo yake ilikataa.

"Hapana, mama. Walimkuta ameishika mkononi."

Mama akaacha nyuzi, akalikumbatia koti.

"Basi," alisema, "alinisikia nikimwita."